Uzi upi ni upi? Kitambulisho cha uzi katika programu ya Linux, macOS na Windows

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nina programu ya C inayopokea vipimo kutoka kwenye mita za maji na kuvihifadhi. Kwenye Linux imefanya kazi miaka miwili, sasa natakiwa niipeleke macOS na Windows. Kila uzi (thread, yaani mkondo mmoja wa kazi unaokwenda sambamba na mingine ndani ya programu) nautambua kwa pthread_self(), na namba hiyo naitumia mahali patatu: kwenye logi (faili la kumbukumbu za matukio), kama ufunguo wa jedwali lenye vyumba 64 (chumba nakipata kwa baki ya kugawa kwa 64), na kwenye kufuli (lock, linalozuia nyuzi mbili kugusa data moja kwa wakati mmoja) nililoliandika mwenyewe, linalomruhusu aliyelishika aingie tena bila kujifungia nje. Kwa Windows nimeweka GetCurrentThread() badala ya pthread_self(). Matokeo: macOS kompaila inalalamikia printf("%lu"). Windows kila mstari wa logi unasema uzi 18446744073709551614, na data inachanganyika ingawa kufuli lipo. Hata kwenye Linux nimeanza kuona nyuzi zilizokwisha kufa zikifufuka kwenye logi. Kuna mtu kanishauri nivikate vitambulisho vyote viwe uint32_t ili vifanane kote. Je, ndiyo njia?"*

Salama, ndugu yangu, na ahsante kwa kunakili ile namba ya logi kama ilivyo badala ya kuandika tu "namba ya ajabu". Imenifupishia kazi.

Unachohofia, kama nimekuelewa, ni kwamba kila mfumo una aina yake ya kitambulisho, kwa hiyo unatafuta sura moja itakayofaa kote. Jibu la swali lako ni hapana, usikate. Kukata namba kutanyamazisha kompaila na kukuachia makosa yote mengine palepale, tena yakiwa yamejificha zaidi. Ugonjwa wenyewe hauko kwenye upana wa namba. Umeipa namba moja kazi tatu zisizofanana, na mfumo haukuwahi kuahidi kwamba namba hiyo inaziweza zote.

Tuanze na Windows, maana hapo ndipo data yako inapoharibika wakati huu tunapozungumza. Chukua 18446744073709551614, ongeza 2: unapata 2 kwa kipeo cha 64. Kwa hiyo hiyo ni -2 iliyochapishwa kana kwamba haina alama ya hasi. GetCurrentThread() haikupi kitambulisho cha uzi, wala haikupi mpini (handle) halisi wa kuushikia. Inakupa alama ya kudumu yenye maana ya "uzi huu unaoniita". Ni sawa na neno "mimi". Ukipitisha daftari la mahudhurio darasani na kila mwanafunzi akaandika "mimi", hakuna aliyedanganya, lakini daftari halikusaidii kitu.

Sasa lipitishe hilo kwenye kufuli lako. Uzi A unashika kufuli na kuandika kwenye sehemu ya mwenye kufuli: -2. Uzi B unafika, unauliza, "Je, mwenye kufuli ni mimi?" Unaita GetCurrentThread(), unapata -2, unalinganisha, vinafanana. Kufuli linamwona B kuwa ndiye aliyelishika tangu mwanzo, linaongeza kihesabu cha kuingia, linamruhusu. Sasa A na B wote wako ndani wakiandika kwenye bafa moja (sehemu moja ya memori). Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna kilichoanguka, ila vipimo vya mita moja vinaonekana chini ya namba ya mita nyingine. Kuanzia siku ulipobadilisha mstari ule, upande wa Windows hauna kufuli hata moja.

Kwa leo, ili kuzuia damu isiendelee kutoka, weka GetCurrentThreadId() mahali pa GetCurrentThread(). Hiyo inarudisha DWORD, namba ya biti 32, tofauti kwa kila uzi ulio hai kwenye mashine nzima. Sifuri haiwi kitambulisho cha uzi wowote. Lakini hiyo ni bandeji tu, kwa sababu kufufuka unakokuona kwenye Linux kupo Windows vilevile.

pthread_t haikuahidiwa kuwa namba

pthread_t ndiyo aina ya thamani inayorudishwa na pthread_self(). Kwenye Linux yenye glibc (maktaba kuu ya C) ni unsigned long, ndiyo maana %lu ilikubalika miaka miwili yote. Kwenye macOS na FreeBSD ni pointa ya kuelekea struct ambayo huruhusiwi kuichungulia. Kwenye ile maktaba ya zamani ya pthreads-win32 ni struct kamili yenye pointa pamoja na kihesabu cha matumizi, kwa hiyo hata alama ya == haikompaili. Kiwango cha POSIX, kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya Unix, kinaruhusu zote hizo. Ulichonacho kinafanana na tiketi ya mizigo: unaruhusiwa kuirudisha kaunta, na unaruhusiwa kuuliza kama tiketi mbili ni za mzigo mmoja. Kuisoma kama namba, kuigawa, kuikata au kuichapisha hakumo kwenye mkataba.

Kulinganisha kwa haki ni kwa pthread_equal(a, b). Inarudisha kisichokuwa sifuri zikifanana, na sifuri zikitofautiana. Nalisema hili kwa sababu waliozoea strcmp(), inayorudisha sifuri maneno yakifanana, huligeuza, kisha wanashinda siku nzima wakilaumu mfumo endeshi.

Jambo jingine linalosahaulika: pthread_t haina thamani rasmi ya "hakuna uzi". Kuandika `pthread_t mwenye = 0;` ni kubahatisha. Ukilazimika kuhifadhi pthread_t ambayo huenda ipo au haipo, weka bool pembeni yake inayosema kama imejazwa.

Kwa nini wafu wanafufuka

Kwenye glibc, ile thamani ya pthread_self() ni anwani ya memori: mahali maktaba inapoweka taarifa za uzi, kwenye ncha ya staki (memori ya kazi) ya uzi huo huo. Uzi ukifa na kuunganishwa kwa pthread_join(), au ukifa ukiwa umeachiliwa kwa pthread_detach(), glibc haikimbilii kurudisha staki hiyo kwa kerneli (kiini cha mfumo endeshi). Inaiweka akiba, hadi kiasi cha MB 40, kwa sababu kuomba staki mpya kuna gharama. Ukianzisha uzi mwingine wenye staki ya ukubwa uleule, unapewa ile iliyopo akibani. Anwani ni ileile, basi na pthread_t ni ileile. Hii si nadra. Programu inayoanzisha uzi kwa kila muunganisho wa mita, kisha uzi ukafa, inaweza kuona kitambulisho kimoja mara nyingi ndani ya dakika chache.

Kwenye logi hilo ni kero. Kwenye jedwali, uzi mpya unarithi rekodi ya marehemu ambayo hakuna aliyeifuta. Kwenye kufuli ni hatari kabisa: uzi ukifa bila kuachia kufuli, jina lake linabaki pale, na mrithi wa anwani hiyo anapita kama mwenye nyumba.

Namba za kerneli nazo huzunguka. Kwenye Linux zinafika hadi kikomo kilichoandikwa /proc/sys/kernel/pid_max, mara nyingi 32768 au 4194304, kisha zinaanza kutafuta nafasi upya kutoka chini. Windows hutumia tena kitambulisho baada ya uzi kwisha na mipini yake yote kufungwa.

Kuhusu jedwali lako la vyumba 64, nenda kaangalie leo ni vyumba vingapi vina kitu ndani. Nakisia utakuta kimoja. Tazama anwani hizi mbili, za nyuzi jirani kwenye Linux ya x86-64 zenye staki ya kawaida ya MB 8:

```
0x7f3a1c5ff700
0x7f3a1bdfe700
```

Tofauti yake ni 0x801000, yaani MB 8 za staki na ukurasa mmoja wa ulinzi wa baiti 4096. Ncha ya mwisho, 700, haibadiliki. Tena taarifa za uzi zimepangwa kwenye mipaka ya baiti 64, kwa hiyo baki ya kugawa kwa 64 ni sifuri kwa uzi huu, ule na ule. Jedwali lako limekuwa orodha moja ndefu kwa miaka miwili, na hukugundua kwa kuwa nyuzi zilikuwa chache. Ukipeleka Windows na GetCurrentThreadId(), namba kwa kawaida hugawanyika kwa 4, kwa hiyo utatumia robo tu ya vyumba. Hata hilo la kugawanyika kwa 4 hakuna aliyeliahidi, usijenge juu yake.

Namba yako mwenyewe

Kwa jedwali na kwa kufuli, usiuombe mfumo kitambulisho. Kitoe wewe. Kihesabu kimoja cha biti 64, kinachoanzia 1, na kila uzi unapouliza mara ya kwanza unachukua namba inayofuata na kuitunza mpaka ufe.

```c
/* uzi.c */
#include <stdatomic.h>
#include <stdint.h>

static _Atomic uint64_t inayofuata = 1;
static _Thread_local uint64_t yangu = 0;

uint64_t uzi_namba(void)
{
    if (yangu == 0)
        yangu = atomic_fetch_add_explicit(&inayofuata, 1,
                                          memory_order_relaxed);
    return yangu;
}
```

Sifuri sasa ina maana moja tu: hakuna mtu. Namba hairudiwi, hata ungeanzisha nyuzi bilioni moja kila sekunde, kihesabu kingekwisha baada ya miaka zaidi ya 580. Namba zinafuatana 1, 2, 3, kwa hiyo baki ya kugawa kwa 64 inazisambaza vizuri vyumbani. Na baada ya mara ya kwanza, kuisoma ni kusoma kigeu tu, bila kuingia kwenye kerneli.

Fankisheni hii ikae kwenye faili lake la .c, isihamishiwe kwenye .h kama `static inline`. Ukiiweka kwenye .h, kila faili la .c linaloijumuisha litapata kihesabu chake na kigeu chake cha uzi. Uzi mmoja utakuwa namba 3 kwenye faili hili na namba 7 kwenye jingine, na kufuli likishikwa upande mmoja halitamtambua mwenyewe upande wa pili. Hali ni hiyohiyo kwenye Windows ukiunganisha uzi.c ndani ya DLL (maktaba za Windows) mbili pamoja na EXE: nakala tatu, vihesabu vitatu. Iwe kwenye DLL moja, wengine waiite kutoka hapo.

Kwa kompaila za MSVC (za Microsoft) za zamani zisizojua _Thread_local na stdatomic.h, tumia `__declspec(thread)` na InterlockedIncrement64(). Angalia tu kwamba hiyo ya pili inarudisha thamani baada ya kuongeza, kwa hiyo kihesabu kianzie 0 badala ya 1. Kwenye baadhi ya vifaa vya ARM vya biti 32, kuongeza biti 64 kwa atomiki (kwa hatua moja isiyokatizwa) kunahitaji -latomic wakati wa kuunganisha. Kosa utakaloliona ni jina linaloanza na __atomic_ lisilopatikana.

Namba ya mfumo, kwa ajili ya logi

Namba yako 17 haina maana kwa top, gdb (dibaga, kifaa cha kutafutia makosa) wala zana za Windows. Ukitaka kulinganisha logi na kinachoonekana kwenye `top -H`, unahitaji namba ambayo kerneli yenyewe inaijua. Nayo pthread_self() siyo. Ndiyo maana gdb hukuonyesha zote mbili kwenye mstari mmoja, kwa mfano `Thread 0x7ffff7d8a6c0 (LWP 48213)`: ya kwanza ni ya maktaba, ya pili ni ya kerneli.

```c
uint64_t uzi_namba_ya_mfumo(void)
{
#if defined(_WIN32)
    return GetCurrentThreadId();
#elif defined(__APPLE__)
    uint64_t n = 0;
    pthread_threadid_np(NULL, &n);
    return n;
#elif defined(__linux__)
    return (uint64_t)syscall(SYS_gettid);
#elif defined(__FreeBSD__)
    return (uint64_t)pthread_getthreadid_np();
#else
#error "Mfumo huu haujaandikiwa namba ya uzi"
#endif
}
```

Nimetumia syscall() kwa Linux kwa kuwa fankisheni ya gettid() iliingia glibc kwenye toleo 2.30 la mwaka 2019, na seva nyingi bado zina glibc ya zamani kuliko hiyo. Ukikompaili kwa -std=c11, tangaza _GNU_SOURCE juu kabisa ya faili, kabla ya #include yoyote, la sivyo syscall() haitajulikana. FreeBSD inataka pthread_np.h. Ule mstari wa #error usiuondoe: afadhali programu ikatae kukompaili kuliko kurudisha sifuri kimyakimya.

Kwenye logi chapisha zote: namba ya mchakato, namba yako, namba ya mfumo. Kwa mfano `[4120/17/4163]`. Tumia PRIu64 kutoka inttypes.h, na yale malalamiko ya %lu yatakwisha kwa sababu hakuna pthread_t inayochapishwa tena. Ikiwa programu inaendeshwa ndani ya kontena la Linux, usishtuke ukikuta namba ya ndani haifanani na inayoonekana kwenye mashine yenyewe. Kontena lina hesabu yake, na mstari wa NSpid kwenye /proc/NAMBA/status unakuonyesha pande zote mbili.

Jina nalo linasaidia kuliko namba, hasa saa nane usiku. Linux inakubali jina la herufi 15 tu kwa pthread_setname_np(), ikizidi inarudisha ERANGE na jina halibadiliki. macOS ina fankisheni ya jina hilohilo lakini inapokea jina peke yake, na uzi unaweza kujiita wenyewe tu. Windows ni SetThreadDescription(), kuanzia Windows 10 toleo 1607.

Kufuli

Ushauri wangu wa kwanza ni kulitupa hilo kufuli lako. POSIX ina PTHREAD_MUTEX_RECURSIVE, na CRITICAL_SECTION ya Windows tayari inamruhusu aliyeishika kuingia tena. Zote zinatunza mwenye kufuli kwa njia ambayo waandishi wa mfumo wameijaribu kuliko sisi. SRWLOCK ya Windows ni nyepesi zaidi, lakini hairuhusu kuingia tena. Ukijaribu, uzi unajisubiri wenyewe milele.

Ikiwa una sababu ya kubaki na lako, basi liwe hivi:

```c
void kufuli_shika(kufuli *k)
{
    uint64_t mimi = uzi_namba();
    if (atomic_load_explicit(&k->mwenye,
                             memory_order_relaxed) == mimi) {
        k->kina++;
        return;
    }
    ndani_shika(&k->ndani);
    atomic_store_explicit(&k->mwenye, mimi, memory_order_relaxed);
    k->kina = 1;
}
```

Hapo ndani_shika() ni kufuli la kawaida la mfumo husika, na wakati wa kuachia unapunguza kina. Kikifika sifuri unaandika mwenye kuwa 0 kwanza, kisha ndipo unafungua la ndani. Ukigeuza mpangilio huo, utafuta jina la mtu mwingine aliyekwisha kuingia.

Sehemu ya mwenye kufuli lazima iwe atomiki, kwa sababu inasomwa na nyuzi ambazo hazijashika kitu. Lakini mpangilio legevu (memory_order_relaxed) unatosha, na sababu yake inafaa kuielewa. Namba 17 huandikwa pale na uzi 17 peke yake. Uzi 17 ukisoma 17, basi ni yeye aliyeiandika na hajaifuta. Akisoma namba nyingine yoyote, hata iliyopitwa na wakati, jibu la "si mimi" linabaki kweli. Hoja yote imesimama juu ya jambo moja, kwamba namba yangu haijawahi kuwa ya mwingine na haitakuwa. Weka pthread_self() au GetCurrentThreadId() mahali pake na hoja inaporomoka.

Sitakuficha udhaifu: uzi ukifa ukiwa umeshika kufuli, kwa njia hii kufuli litabaki limefungwa na programu itaganda. Mimi nachagua kuganda. Programu iliyoganda unaiona siku hiyohiyo. Vipimo vilivyochanganyika unaviona mteja anapolalamikia ankara. Ukihitaji kujua kwamba mwenye kufuli amekufa, Linux ina PTHREAD_MUTEX_ROBUST inayorudisha EOWNERDEAD, na Windows ina WAIT_ABANDONED kwa makufuli ya CreateMutex(). macOS haina hiyo ya kwanza, kwa hiyo usiijengee programu ya mifumo mitatu.

Mitego mingine mitatu

Usiuache uzi mpya usome kitambulisho chake kutoka kwenye kigeu ambacho mzazi amekipitisha kwa pthread_create(). Uzi mpya unaweza kuanza kukimbia kabla kigeu hicho hakijaandikwa, na utasoma takataka. Uzi ujiulize wenyewe kwa pthread_self() au uzi_namba().

Ukitumia fork(), inayozaa nakala ya mchakato, mtoto anabaki na uzi mmoja tu, ule ulioita. Vigeu vya uzi vinanakiliwa kama vilivyo, kwa hiyo mtoto na mzazi watakuwa na namba 17 wote wawili. Ndiyo maana nimetaka namba ya mchakato iwepo kwenye logi. Ila ikiwa umehifadhi namba ya mfumo kwenye kigeu ili usiulize kerneli kila mara, mtoto ataendelea kujiita kwa namba ya mzazi. Ifute kwenye fankisheni ya mtoto unayosajili kwa pthread_atfork().

Na kwenye Windows, unapotaka uzi mwingine uweze kukusubiri, usiupe ile "mimi" ya GetCurrentThread(): ikifika huko inamaanisha yeye. Tengeneza mpini halisi kwa DuplicateHandle() ukiweka DUPLICATE_SAME_ACCESS, na aliyepewa aufunge kwa CloseHandle() akimaliza. Kufunga mpini hakuui uzi, kunasema tu "sikushikii tena". Watu wengi huogopa hapo, wanaacha mipini wazi, na baada ya wiki Task Manager inaonyesha mipini elfu kadhaa. Anzisha nyuzi kwa _beginthreadex(), usitumie _beginthread(), kwa sababu hiyo ya pili hufunga mpini yenyewe uzi unapokwisha, na wewe unabaki umeshika namba ambayo huenda imeshapewa kitu kingine.

Kama siku moja utahamia C++, std::thread::id inakutatulia aina na ulinganisho, ina hata thamani ya "hakuna", lakini kiwango kinaruhusu irudiwe baada ya uzi kufa. Kihesabu chako bado kitahitajika. Rust ndiyo iliyolifanya sawa tangu mwanzo: ThreadId yake hairudiwi ndani ya mchakato.

Lini utafute mtu akae nawe

Ukishabadilisha, kompaili kwenye Linux au macOS kwa `-fsanitize=thread -g` (kikaguzi cha nyuzi zinazogongana) na uendeshe kwa mzigo unaokaribia wa kweli. Programu itakuwa nzito mara 5 hadi 15, na memori itaongezeka mara 5 hadi 10, hilo ni la kawaida. Kwa kawaida onyo linakuja na mistari miwili ya msimbo inayogongana. Maliza yote, usianze kuchagua lipi ni "dogo". MSVC haina kifaa hicho. Kule washa ukaguzi wa makufuli wa Application Verifier.

Ikiwa baada ya hapo data bado inachanganyika, au kosa linatoweka kila unapofungua dibaga, usiendelee kubadilisha mistari ukibahatisha. Hapo inafaa mtu aliyezoea nyuzi akae nawe mbele ya mashine yenyewe, maana mengine hayaonekani kwenye barua. Na kwa kuwa mita hizi zinazaa ankara, hesabu ambazo upande wa Windows umeshazihifadhi tangu ulipoweka GetCurrentThread() zinahitaji mhasibu wa mradi na mwenye data wazipitie kabla hazijatumwa kwa wateja. Hilo si la kulimaliza peke yako kimyakimya. Kwa huyo wa nyuzi, mpelekee faili la core au dump (nakala ya memori ya programu) la wakati ule, faili tendaji lilelile lililoanguka likiwa na alama zake za dibaga, toleo la kompaila na la glibc, na logi yenye zile namba tatu kwa kila mstari.